Elektroni imejuaje kama mlango wa pili uko wazi?

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi mbele ya vijana wa sekondari na wazazi wao, kwenye ukumbi mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa. Watu kadhaa waliniomba niiandike kwa hivo nimeiandika vile vile nilivoisema, nimepunguza tu yale marudiorudio ya mdomo.

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na feni, sogeeni mbele jamani, kuna kitu nataka mukione baadaye na mukiwa huko hamtakiona.

Niliitwa nizungumze juu ya sayansi kwa jumla, lakini nimeamua kuzungumza juu ya swali moja peke yake. Swali lenyewe liliulizwa na binti mmoja wa Fomu Tatu. Darasani walikuwa wanasoma habari za elektroni kupita kwenye mianya miwili, akauona ule mchoro wa kitabuni, mistari ya giza na mwangaza imepangika kama ngazi, akanyoosha mkono akasema: mwalimu, si pengine ni zile kingo za mianya ndo zinazozigonga elektroni zikaenda pembeni? Akaambiwa nakili mchoro, hilo haliko kwenye mtihani. Mimi siku hiyo nilikuwa mgeni, nimekaa nyuma ya darasa, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza na jambo hilo halijanitoka moyoni, manake swali lile watu wazima wenye shahada zao walishaliuliza, wakaumiza vichwa miaka na miaka, na lina jibu zuri sana. Yuko hapa leo na mamake. Kwa hivo mwanangu, hotuba hii ni yako, hawa wengine wanasikiliza tu.

Tuanzie baharini. Nani hapa ameshatoka na wavuvi upande wa Nyali au Bamburi? Basi munajua kule nje kuna mwamba, mawimbi makubwa yanapasukia pale, na kwenye mwamba kuna nafasi wavuvi wanaziita mlango, ndipo vyombo vinapopita. Wimbi likifika mlangoni halipiti limenyooka kama mshale, likishaingia ndani linatanuka kwa nusu duara mpaka linafika sehemu ambazo haziko usawa wa mlango kabisa. Huko kutanuka ndiko wanafizikia wanaita difraksheni. Sasa tuseme kuna milango miwili iko karibu karibu. Mawimbi ya huku yanakutana na ya kule, kilele kikikutana na kilele maji yanapanda mara mbili, lakini kilele cha huku kikikutana na bonde la kule vinamalizana, maji yanatulia. Ukiwa na hori lako umelitia nanga pale palipotulia utasema bahari leo shwari, na mita chache tu kutoka hapo mwenzako anarushwa juu chini.

Shikeni hilo neno, maji yametulia kwa sababu mlango umeongezwa. Tutarudi hapo.

Sasa twende Likoni, saa kumi na mbili jioni, feri imetia, watu wanamwagika. Weka mageti mawili. Ukifungua geti moja watu wanatoka, wanasambaa barabarani, wengine wanaelekea matatu, wengine kwa mama wa viazi karai. Ukifungua la pili watu wanaongezeka kila mahali. Haiwezekani mama wa viazi aliyekuwa anapata wateja kutoka geti la kwanza, na anapata wateja kutoka geti la pili, akose wateja kabisa siku mageti yote mawili yamefunguliwa. Watu ni watu, kila mmoja ametoka geti lake, unajumlisha tu.

Elektroni ni kitu kama mtu au kitu kama wimbi? Mwaka 1897 J.J. Thomson kule Cambridge alionyesha kwamba ni chembe, ina uzito wake, ina chaji yake. Na ukiweka skrini inayong'aa elektroni ikigonga utaona nukta moja, tap, mahali pamoja, haisambai kama wimbi linavyofika ufukweni. Kwa hivo ungetegemea ifanye kama abiria wa Likoni. Haifanyi hivo. Kuna mahali kwenye skrini, ukifungua mwanya wa kushoto peke yake elektroni zinafika, ukifungua wa kulia peke yake zinafika, ukifungua yote miwili hazifiki. Mama wa viazi amekosa wateja. Hili ndilo jambo lenyewe, na kila maelezo mtu atakayokuletea, ya kitabuni au ya mtaani au ya kwako mwenyewe, muulize hapo hapo: elektroni iliyopita mwanya wa kushoto imejuaje kama wa kulia uko wazi? Akijibu hilo endelea kumsikiliza.

Mara ya kwanza watu kuona elektroni zikifanya kama mawimbi ilitokana na ajali. Mwaka 1925, kwenye maabara ya kampuni ya simu New York, Clinton Davisson na Lester Germer walikuwa wanarusha elektroni kwenye kipande cha nikeli, hawatafuti mawimbi wala nini. Chupa ya hewa ya kimiminika ikapasuka, chombo chao cha kioo kikavunjika, hewa ikaingia, nikeli ikashika kutu ya moto. Wakaipasha joto muda mrefu kuisafisha, na kule kupashwa joto kukazifanya zile fuwele ndogo ndogo za nikeli, yaani vipande ambavyo atomi zake zimepangika kwa nafasi sawa sawa, ziungane zikawa fuwele chache kubwa. Waliporudi kurusha elektroni matokeo yakawa mengine kabisa. Kufika 1927 wakawa na kipimo safi, ukirusha elektroni kwa volti 54 zinarudi kwa wingi kwenye nyuzi 50, ukipiga hesabu ya wimbi unapata urefu wa nanomita 0.165, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Na kijana Mfaransa, Louis de Broglie, alikuwa ameshaandika 1924 kwamba chembe yoyote ina wimbi lake, urefu wake unaupata ukichukua namba ya Planck, namba moja ndogo sana ya fizikia isiyobadilika, ukaigawanya kwa momentamu, yaani ule uzito mara kasi. Hesabu yake kwa volti 54 inatoa 0.167. Nimewahi kuipiga hesabu hii ubaoni pole pole na wanafunzi, na ile namba ikitoka darasa huwa linanyamaza kidogo.

Basi hapo ndipo maelezo mbadala yakaanza, na ni haki yaanze.

La kwanza lilikuwa la busara. Huenda zile sio elektroni. Elektroni ikigonga chuma inatoa eksirei, na eksirei tayari ilishajulikana ni wimbi, ilishapigwa kwenye fuwele tangu 1912 ikatoa mpangilio wake. Kwa hivo pengine kinachotoa mpangilio huu nao ni eksirei, elektroni imesingiziwa tu. Aliyelimaliza hilo ni George Thomson, mtoto wa yule yule J.J., yeye alikuwa Aberdeen, Scotland, na mwanafunzi wake Alexander Reid, wakipitisha elektroni kwenye utando mwembamba kabisa. Walipata miduara. Kisha wakaleta sumaku, miduara yote ikasogea. Eksirei haina chaji, sumaku haiifanyi lolote, elektroni ina chaji inapindwa. Mchezo ukaishia hapo. Mimi nalipenda jaribio hilo kuliko hata lile la Davisson, manake halikuhitaji hesabu ngumu, ni sumaku tu na swali lililoulizwa sawa sawa. Baba alipata Nobeli 1906, na aliishi kuiona elektroni yake ikiwa chembe na pia wimbi, mtoto naye akaipata 1937 pamoja na Davisson.

La pili, hili vijana wengi wananiambia: elektroni zina chaji sawa, zinasukumana, zikiwa nyingi zinapita kwa pamoja zinabanana na kujipanga mistari mistari, kama watu wanavyojipanga wenyewe kwenye mlango mwembamba. Si wazo baya. Dawa yake ni kupitisha elektroni moja moja. Watu watatu wa Bologna, Italia, Merli na Missiroli na Pozzi, walifanya hivo 1974, na Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japani, walifanya tena vizuri zaidi wakatangaza 1989. Hebu sikilizeni hesabu ya Tonomura. Elektroni zake zilikwenda kwa asilimia 40 ya kasi ya mwangaza, na kila sekunde zilifika zisizozidi 1,000. Gawanya. Kati ya elektroni moja na inayofuata kuna kama kilomita 120! Elektroni moja iko hapa Mji wa Kale inagonga skrini, ya nyuma yake ukiifuata kwa barabara ya Nairobi umepita Mariakani, umepita Mackinnon Road, bado hujaifikia. Na chombo chenyewe kina urefu wa mita moja na nusu hivi. Zitasukumana vipi? Elektroni ya pili hata haijatoka kwenye chanzo chake.

Na picha zake munaweza kuziona kwenye simu zenu. Mwanzo nukta chache, huku moja kule moja, hakuna mpango wowote, ungesema mtu amenyunyiza maji kwa vidole. Zikifika mamia bado huoni kitu. Zikifika maelfu unaanza kushuku kuna mistari. Zikipita laki moja mistari imesimama wima haina shaka, na ilichukua kama dakika 20 tu kutoka nukta ya kwanza. Kila elektroni ilifika peke yake, nukta moja, na kila moja ilikwepa zile sehemu za giza bila kuambiwa na mwenzake.

Sasa mwanangu, swali lako, kingo.

Wazo lako ni hivi: ukingo wa mwanya ni atomi, atomi zina chaji ndani yake, elektroni ikipita karibu inavutwa au inasukumwa, njia inapinda. Na ni kweli, elektroni ikipita karibu na chuma inavuta chaji ndani ya kile chuma na inavutwa nayo, nguvu hiyo ipo na wanaofanya majaribio haya wanailalamikia kwa sababu inawaharibia mianya yao midogo. Kwa hivo hukusema upuuzi. Sasa tulipime.

Kipimo cha kwanza ni volti. Ukiongeza volti mara nne kasi ya elektroni inakuwa mara mbili. Kama kinachoipinda ni nguvu ya ukingo basi inapita pale ukingoni kwa nusu ya muda, inapata nusu ya msukumo, halafu yenyewe ina momentamu mara mbili, kwa hivo inapinda robo ya pale mwanzo. Kama ni wimbi la de Broglie momentamu ikiwa mara mbili urefu wa wimbi ni nusu, na mistari inasogeleana kwa nusu. Robo au nusu, hapo hakuna kubishana, unabadilisha volti unapima. Davisson na Germer walibadilisha volti, na jibu ni nusu.

Kipimo cha pili, toa kingo kabisa. Tonomura hakutumia ukuta wenye mianya, alitumia uzi mwembamba sana wenye chaji, elektroni inapita huku au huku, na ule uzi unazivuta tu pande zote mbili zije zikutane katikati ya skrini. Msukumo wa uzi ule ni laini, unajulikana, unaweza kuuhesabu, hauna mistari mistari ndani yake. Mistari imetoka wapi basi?

Kipimo cha tatu, toa chaji. Neutroni, chembe ya ndani ya kiini cha atomi, haina chaji, kingo haziwezi kuivuta kwa umeme, na kule Grenoble Ufaransa wakaipitisha kwenye mianya miwili, Anton Zeilinger na wenzake, 1988. Mistari. Mwaka 1999 wale wale wa Zeilinger, wakati huo wakiwa Vienna, wakapitisha molekuli nzima ya atomi 60 za kaboni, kitu chenye umbo la mpira wa miguu. Mistari, na kila mara urefu wa wimbi ni ule ule wa de Broglie. Nguvu ya ukingo kwa elektroni na kwa neutroni na kwa molekuli ya kaboni ni vitu vitatu tofauti kabisa, haingii akilini vitoe jibu moja kwa hesabu moja.

Na cha nne ndicho kile cha mlango wa pili. Kule Marekani, Nebraska, 2013, Herman Batelaan na vijana wake walichonga mianya miwili, kila mmoja upana nanomita 62, kutoka katikati ya huu hadi katikati ya ule nanomita 272. Unywele wako ni mnene karibu mara 300 ya nafasi hiyo yote. Halafu wakaweka kizuizi kinachosogezwa, kikaja kikafunika mwanya mmoja, elektroni zikasambaa kwenye skrini kama wingu moja pana. Kikasogea, mwanya wa kwanza ukawa wazi na wa pili pia, mistari ikatokea. Kikasogea tena kikafunika ule mwingine, wingu likarudi. Walizihesabu moja moja, picha yao ya mwisho ina elektroni 6,235. Sasa angalia. Kingo za mwanya wa kushoto hazikuguswa wakati kizuizi kiko upande wa kulia, atomi ni zile zile, chaji ni ile ile. Kama kingo ndizo zinazoamua, elektroni iliyopita kushoto ingepinda vile vile kulia kukiwa wazi au kukiwa kumefungwa. Lakini mahali palipokuwa pakifika elektroni pakawa giza kwa sababu umefungua upande wa pili. Hapo nguvu ya ukingo haina la kusema, na wala hatukuhitaji kumnyamazisha mtu kwa kumwambia haiko kwenye mtihani.

Lakini ngoja, wazo la kingo lina ndugu yake mkubwa, na huyu ni mgumu zaidi. William Duane wa Harvard, mwaka 1923, hata kabla ya de Broglie, alisema hivi kuhusu eksirei na fuwele: tusiseme wimbi. Tuseme fuwele iliyopangwa kwa nafasi sawa haiwezi kutoa au kupokea teke la kiasi chochote, inatoa kwa vipimo maalum tu, na kipimo chenyewe ni namba ya Planck gawanya kwa nafasi ile. Ukipiga hesabu unapata pembe zile zile za wimbi, sawa sawa, hakuna hata nukta ya tofauti. Baadaye Alfred Landé akalichukua wazo hilo akalitetea miaka mingi kwa ajili ya elektroni, ati elektroni ni chembe tu siku zote, ukuta ndo wenye mambo. Mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilikaa kama wiki nzima nalo, manake hesabu inakubali na huwezi kulitupa hivi hivi. Ila angalieni limefanya nini. Ili ukuta wenye mianya miwili utoe teke la kipimo kile, lazima ukuta wote kwa pamoja uwe unajua nafasi kati ya mianya yake, elektroni imepita mahali pamoja lakini teke limeamuliwa na ukuta mzima. Halafu kizuizi cha Nebraska, kinafunika mwanya wa kulia na ukuta wa kushoto unabadilisha mateke yake. Kwa hivo lile fumbo halikuondoka, limehamishwa kutoka kwa elektroni likawekwa kwenye ukuta. Siwezi kusema Duane alikosea, nasema hakutuondolea mzigo.

Kuna wanaotaka elektroni ibaki na njia yake, imepita kushoto au kulia basi, na wimbi liwe kitu kingine kinachoiongoza. De Broglie mwenyewe alilisema hilo kwenye mkutano wa Brussels 1927, wakampinga akaliacha, na David Bohm akalifufua 1952 kwa hesabu kamili. Hapo elektroni ni kama chombo na wimbi ni kama mkondo, mkondo unapita milango yote miwili, chombo kinapita mmoja lakini kinafuata mkondo, na mkondo unajua. Mnamo 1979 Philippidis, Dewdney na Hiley walizichora njia zenyewe kwa kompyuta, na ni mchoro mzuri sana, njia zinatoka kwenye mianya zinapindapinda zinajikusanya kwenye mistari, na hakuna hata moja inayovuka mstari wa katikati, elektroni iliyofika upande wa juu wa skrini ilitoka mwanya wa juu. Maelezo haya yanalijibu swali letu la mlango wa pili. Yanatoa matokeo yale yale ya kitabuni, kwa hivo hakuna jaribio la mianya miwili litakaloyaangusha bila kukiangusha na kitabu. Yana bei yake, chembe mbili zilizowahi kukutana zinabaki zimeunganishwa hata zikiwa mbali, na jambo hilo la kuunganishwa kwa mbali John Bell alilitungia kipimo 1964, na vipimo vikafanywa, na Nobeli ya 2022 ilikwenda kwa watu watatu kwa kazi hiyo. Mimi nawaambia wazi, sioni sababu ya kumficha mwanafunzi kwamba maelezo ya Bohm yapo na yanasimama. Vitabu vingi vya sekondari vinaandika kama jambo hili lina maelezo moja, na hiyo si kweli. Kuna na yale ya Hugh Everett ya 1957, kwamba yote yanatokea ila kila tokeo liko kwenye tawi lake la ulimwengu, hayo sitayaingia leo, tungelala hapa.

Ila kuna moja la karibuni lazima niliseme kwa sababu video zake vijana mumeziona. Matone ya mafuta yanayorukaruka. Yves Couder na Emmanuel Fort, Paris, 2006, walitikisa bakuli la mafuta ya silikoni, wakadondosha tone juu yake, tone halizami, linaruka ruka na kila likiruka linatengeneza wimbi, na lile wimbi lenyewe linalisukuma tone litembee. Tone na wimbi lake pamoja, unaliona kwa macho. Wakalipitisha kwenye mianya miwili wakasema wamepata mistari. Watu walifurahi sana na mimi nilifurahi, nikawaonyesha wanafunzi wangu. Kisha wengine wakarudia. Kundi moja la Denmark, na ndani yake yuko Tomas Bohr, mjukuu wa Niels Bohr mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa fizikia hii, walitangaza 2015 kwamba wao hawakuipata ile mistari, na watu wa chuo cha MIT, Marekani, nao baadaye wakafanya kwa uangalifu zaidi, hakuna. Matone yanapinda, ndio, yanaathiriwa na kuta, lakini mistari ya elektroni sio ile. Nikarudi darasani nikawaambia vijana, lile nililowaonyesha limeshindwa kurudiwa, futeni. Wale wa Denmark walieleza na kwa nini: chukua ukuta mrefu uanzie kati ya mianya uje nyuma mpaka mbali, tone likichagua upande, wimbi lake dogo linafia njiani kabla halijafika upande wa pili, haliwezi kujua kule kuna nini. Lile lile swali letu la mlango.

Basi haya, tumezungumza vya kutosha, nataka tuone. Elektroni siwezi kuwaletea hapa, inahitaji chombo kilichofyonzwa hewa na pesa nyingi, lakini mwangaza una mambo yale yale na mwaka 1803 Thomas Young aliyaonyesha London kwa mwale wa jua na ukanda wa karatasi ngumu, hauzidi milimita moja upana, mwangaza ukapita pande zote mbili za ukanda ukachora mistari kwenye kivuli chake. Akaziba upande mmoja tu. Mistari ikapotea.

Hii hapa ni tochi ya leza, nyekundu, shilingi mia tatu kule Marikiti. Musiielekeze machoni, nawaomba sana, hata kwa mchezo. Huu ni unywele wangu nimeubandika na selotepu kwenye fremu hii ya kadi. Kutoka hapa mezani hadi ukutani tumepima mita nne. Binti yangu njoo, wewe ndo utashika. Mwangaza una wimbi la nanomita 650, andika hapo mkononi kama huna karatasi. Washa. Hapana, shusha kidogo, ipige unywele katikati, hapo hapo. Munaona? Ile mistari midogo ya kulala ukutani, nukta ya kati na madoa kushoto na kulia, na kati yake giza. Chukua rula upime kutoka giza moja hadi linalofuata, yote ya upande mmoja wa nukta ya kati. Sentimita tatu na kidogo? Basi chukua 650 za nanomita zidisha mita nne gawanya kwa hicho ulichopima, umepata unene wa unywele wangu, kama milimita 0.08.

Sasa chukua karatasi hii, isogeze pole pole kutoka upande wa kulia mpaka iguse unywele, uzibe upande mmoja, usiguse ule mwingine. Nyinyi wa mbele angalieni ukutani, musimwangalie yeye. Mzee wangu hapo mlangoni, tafadhali tuzimie taa.